Njoo Kiangazi, Mpwa Wangu

Mpanda, Katavi
Mwezi wa Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameketi hapa pembeni akingoja nimalize ili naye aongeze salamu zake. Joto limeanza kupanda, ndorobo wameongezeka maporini, na wakulima wameshaanza kutazama mawingu.

Barua yako tuliisoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, na mama yako akataka irudiwe. Nimefurahi sana kusikia kwamba umempata rafiki wa kwenda naye mtoni. Umeeleza vizuri jinsi mlivyokwenda kwenye mto Mississippi, chini ya bwawa lililo karibu na Red Wing huko Minnesota, mkangoja jua lishuke, na giza lilipoanza tu walleye wakaanza kula chambo. Umesema mlipowamulika tochi macho yao yaling'aa, na kwamba samaki huyo ana kiwambo nyuma ya jicho kinachorudisha mwanga, ndiyo maana huwinda magharibi wakati samaki wadogo hawaoni tena. Mambo hayo nimeyapenda, na nimewasimulia watu wengi hapa.

Sasa niuzungumzie mpango wako wa kuja Desemba na rafiki yako, mkiwa na fimbo zenu za kuvulia, mwende mto Ugalla wawili tu. Rafiki yako karibu sana. Nyumba ipo na chakula kipo. Lakini Desemba hatutakwenda mtoni kuvua, na hata mkija wakati mwingine sitawaruhusu mwende peke yenu. Nitakueleza kwa nini, tena kwa kirefu, maana uliondoka hapa ukiwa mdogo, na mto huu umeuona zaidi kupitia dirisha la treni usiku.

Kwanza hayo macho. Huku ukimulika maji usiku ukaona macho yanang'aa kwa wekundu, ujue ni mamba. Naye ana kiwambo kama hicho cha walleye wako, na anakitumia kwa kazi hiyohiyo ya kuwinda gizani. Kiangazi kikikaza, mto unapobaki vidimbwi, macho hayo huwa mengi mahali pamoja kuliko mtu mgeni anavyoweza kuamini. Kule Red Wing unaweza kukaa ukingoni, miguu ikining'inia, ukaongea na mwenzako habari za masomo. Ugalla hakuna mtu mwenye akili anayekaa hivyo.

Mto Ugalla wenyewe hukusanya maji ya mto Wala kutoka upande wa Tabora, na ya mto Koga na vijito vingi vya msimu, ukapita katikati ya misitu ya miombo na mbuga tambarare, kisha ukaelekea kaskazini-magharibi hadi kwenye mabwawa ya Ziwa Sagara na kuungana na Malagarasi. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma. Ziwa nalo hutoa maji yake kwa mto Lukuga, Lukuga huyapeleka Kongo, na Kongo huyamwaga Atlantiki. Mississippi huishia Ghuba ya Meksiko, nayo ni sehemu ya Atlantiki hiyohiyo. Mama yako aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, halafu akasema basi hukwenda mbali sana.

Malagarasi ni mto mkongwe. Wataalamu wa samaki wanasema Malagarasi ulikuwapo kabla ya Ziwa Tanganyika kujaa, na kwamba maji yake yalikuwa yakielekea moja kwa moja Kongo. Ndiyo sababu hadi leo wamo samaki wa jamii za Kongo ambao ziwani hawapatikani. Bonde lote, pamoja na la mto Moyowosi, liliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, likiwa la kwanza Tanzania kuingia humo. Lina ukubwa wa zaidi ya hekta milioni 3. Humo wanaishi nzohe, swala wa majini wenye kwato ndefu, na korongo yule mkubwa mwenye mdomo kama kiatu ambaye watu wa mbali hulipa fedha nyingi wamwone mara moja.

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mto hufurika, hupanda kingo, na mbuga zote huwa maji. Mwezi wa Juni maji yanarudi, Agosti unaanza kuona michanga, na Oktoba sehemu nyingi hazina tena mto, kuna mlolongo wa vidimbwi vilivyotengana. Kila chenye uhai kinajikusanya hapo: perege, kambale, ngogo, viboko, mamba, ndege, na watu. Ukishaelewa jambo hili moja umeelewa nusu ya uvuvi wa Ugalla, pamoja na hatari zake.

Mwezi uliopita nilikwenda huko na rafiki yangu wa Katumba, yule ambaye wewe ulikuwa ukimwita Baba Mkubwa. Nataka nikusimulie, maana humo mna majibu ya mengi uliyoniuliza.

Nilimpitia kwao alfajiri kwa pikipiki. Alikuwa tayari amekaa barazani na mizigo yake, nayo ilikuwa michache: mshipi uliokunjwa kwenye kipande cha ubao, kopo la ndoano, kisu, panga, kipande cha waya mwembamba, sufuria, chumvi, unga, na ndoo yenye kamba ndefu. Fimbo ya kuvulia hana. Mimi nilibeba ile uliyonitumia, yenye kigurudumu cha kukunjia uzi, akaishika, akaipima mkononi, akasema ni nzuri kwa sababu inamweka mtu mbali na maji. Hakuuliza bei wala ilikotoka. Aliiona faida yake ya kweli mara moja, na mimi nilikuwa bado sijaiona.

Tulipofika kijijini tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti, tukaonyesha leseni, tukaeleza tutakuwa upande gani na tutarudi lini. Usidharau hatua hii. Mtu asiyejulikana akionekana mtoni na vyombo vya uvuvi huhesabiwa jangili, na kwa haki kabisa, kwa sababu mpaka wa hifadhi hauko mbali.

Kisha tukashuka mtoni, na hapo ndipo ungechoka wewe. Rafiki yangu hakutoa ndoano. Alikaa chini ya mti mbali na ukingo, akatazama maji mpaka jua likatoka kwenye vilele vya miti na kuanza kuchoma. Alitazama ndege wanatua wapi na wanapaepuka wapi. Alitazama njia za viboko, zile zinazochimbika ukingoni kwa miguu yao wanapotoka usiku kwenda kula majani, akasoma nyayo zipi mbichi na zipi za juzi. Akanionyesha mahali pazuri sana kwa macho, kivuli kizuri, ukingo wenye mteremko, akasema: "Hapo ndipo watu huchota maji kila siku. Mamba anapajua kuliko sisi." Tukapita. Hatimaye tukachagua ukingo mrefu uliosimama wima, maji yakiwa chini yetu sana, pasipo njia ya kiboko upande wowote.

Utaratibu wetu ni huu, na sijawahi kuona mvuvi mzee wa huku akiuvunja. Mmoja anavua. Wa pili havui. Anakaa nyuma hatua chache na macho yake yako majini, hayako kwenye ndoano. Anayevua hutazama uzi, na anayetazama uzi haoni kitu kingine, ndivyo tulivyoumbwa. Basi mwenzako ndiye macho yako. Baadaye mnabadilishana. Samaki akinaswa, humfuati majini: unamvuta, unamburuta juu ya ukingo, na mwenzako ndiye anayemshika. Maji mnachota kwa ndoo ya kamba, kila mara mahali tofauti. Umeniandikia kwamba wewe na rafiki yako mlivua pamoja na mkashindana nani atapata wengi. Huku hakuna mashindano, na anayetazama hugawiwa sawa na aliyevua.

Asubuhi tulipata perege. Wa Malagarasi ni aina yake ya pekee, na nyama yake ni tamu kuliko ya perege wa mabwawa ya kufugia. Majike wao hutunza mayai na watoto mdomoni. Ukimvuta ukaona anatema vitu vidogo kama punje, hao ni wanawe, na rafiki yangu humtoa ndoano haraka akamrudisha. Hakuna sheria iliyomfundisha. Alifundishwa na mzee mmoja wa Ugalla alipokuwa kijana.

Mchana, jua likiwa kali, tulimjaribu samaki wa meno. Huyu ndiye atakayekufurahisha wewe. Wageni humwita taiga, kwa mistari yake myeusi ubavuni na meno yake yanayotokeza nje hata akifunga mdomo. Jina lake la kitaalamu ni Hydrocynus. Yeye ni kinyume cha walleye wako: huwinda mchana kweupe, kwa mbio, kwenye maji yanayotembea. Uzi wa kawaida anaukata mara moja, ndiyo sababu ya kile kipande cha waya kati ya uzi na ndoano. Mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoano haipati pa kuingia, naye huruka juu ya maji akitikisa kichwa mpaka aiteme. Fimbo yako ilipinda mpaka nikaogopa. Alipochomoka tulicheka wote wawili. Baadaye tulimpata mwingine mdogo, ana miba mingi, tukamla hivyohivyo jioni.

Nilikuwa navua mimi, zamu yangu, mchana huo, uzi ukiwa umekaza. Yangeyange aliyekuwa akitembea ukingoni upande wa pili akaruka ghafla. Sikumwona. Rafiki yangu alimwona, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kunja uzi. Rudi nyuma." Nikarudi. Tulikaa kimya kwa muda, na sikuona kitu. Halafu karibu kabisa na mahali uzi wangu ulipokuwa unaingia majini zikatokea pua mbili, na nyuma yake, mbali kuliko nilivyotegemea, yakatokea macho. Mamba alikuwa anasikiliza purukushani ya samaki. Ukingo ulikuwa mrefu, asingenifikia, lakini rafiki yangu hakutaka tumzoeshe. Tukahama eneo hilo kabisa.

Usiku ni wa kambale. Tulirudi mbali na maji, tukawasha moto wa kuni za muva, tukaacha mishipi miwili imefungwa kwenye mizizi, chambo matumbo ya kuku. Kambale hula gizani kwa kunusa na kwa sharubu zake. Ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya mashavu, kwa hiyo dimbwi likichafuka mpaka perege wote wakafa yeye anaishi, na hata ukimtia kwenye gunia lenye unyevu utamkuta asubuhi bado anatikisika. Tulimpasua mgongoni, tukamtandaza juu ya kichanja, moto mdogo, moshi mwingi. Wale wanaovua kwa biashara hugeuza samaki siku kadhaa mpaka wawe wakavu wa kusafirishwa kwa treni. Samaki hao hukutana sokoni Mpanda na migebuka ya Ikola na Karema kutoka Ziwa Tanganyika, na wapo watu, mama yako akiwemo, ambao mgebuka ukiwepo hawagusi kambale. Mimi nasema kambale wa moshi wa Ugalla na ugali wa mahindi mapya hana mshindani.

Pale motoni rafiki yangu alizungumza, kama anavyofanya akiwa mtoni tu. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa, yeye akiwa amebebwa mgongoni. Makazi ya wakimbizi ya Katumba yalifunguliwa mwaka uliofuata, yakiwa msitu mtupu. Familia zilipewa majembe na mbegu na zikaambiwa zilime. Kabla mahindi ya kwanza hayajakomaa, samaki wa mto waliwasaidia wengi. Alikulia hapo, akasoma hapo, akaoa hapo, na miaka yote hiyo karatasi zake zilisema ni mkimbizi. Serikali yetu ilikubali kuwapa uraia wakimbizi hao wa 1972 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watu zaidi ya 160,000, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Chake amekifunga kwenye nailoni na kukiweka ndani ya sanduku la mbao. Nakueleza haya kwa sababu utakapokuja utakuwa mikononi mwake. Nataka uketi naye ukijua ni mtu wa namna gani, na umsalimu kama unavyonisalimu mimi.

Umeuliza kuhusu mitumbwi. Wavuvi na warina asali wa Ugalla wana mtumbwi wa gome: gome la mti mkubwa hutolewa zima wakati wa mvua, utomvu ukiwa unatembea, kisha ncha zake hukunjwa na kushonwa kwa kamba za magome. Ni mwepesi, mtu mmoja anaubeba begani. Kwa gome hilohilo hutengenezwa mizinga ya nyuki. Ubaya wake ni kwamba mti uliovuliwa gome pande zote hufa umesimama, na mimi naona ni heri mizinga ya mbao inayoenea sasa. Mmoja wa miti hiyo yenye magome mazuri, mwombo wenyewe, wataalamu wameupa jina la Mjerumani Richard Böhm, aliyezunguka Ugalla mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kufa Katanga mwaka 1884 akiwa hajafika miaka 30. Kuna pundamilia na ndege pia wenye jina lake. Watu waliombebea mizigo na kumwonyesha mito hawana hata mti mmoja. Hilo huniuma kila nikipita chini ya miombo hiyo.

Sasa mpaka. Umeniambia walleye alitangazwa samaki rasmi wa Minnesota mwaka 1965. Mwaka huohuo Ugalla ilitangazwa kuwa pori la akiba. Kwa miaka mingi pori lilifunguliwa kiangazi, kuanzia Julai hadi Desemba, wavuvi na warina asali wenye vibali wakaingia, wakapiga kambi, wakatoka kabla mto haujajaa. Familia nyingi za Urambo, Kaliua, Sikonge na huku kwetu zilisomesha watoto kwa samaki na asali ya miezi hiyo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, kilomita za mraba 3,865, na humo hakuna tena kambi za wavuvi. Nimeona miti inavyokwisha kwa ajili ya kukausha tumbaku, nimeona makundi ya ng'ombe kwenye mbuga, nimeona watu wakivua kwa vyandarua vya mbu na kwa utupa unaoua kila kitu kwenye dimbwi, mpaka vifaranga. Kwa hiyo naiunga mkono hifadhi kwa moyo wote. Lakini nasema pia kwamba yule mzee aliyekuwa na kibali chake, aliyejua samaki gani arudishwe, hakuwa adui wa mto, na elimu yake ingefaa sana kwa hao wanaoulinda leo. Bado anaishi. Bado hajaulizwa.

Tunachoruhusiwa sisi ni sehemu za mto zilizo nje ya mpaka, kwa leseni, kwa ndoano na nyavu halali. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza sumu, baruti na makokoro kwenye maji kama haya. Ukimwona mtu yeyote na vitu hivyo usibishane naye, rudi utuambie.

Nimeiacha Desemba makusudi mpaka hapa, kwa sababu ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote.

Kambale husubiri mvua. Mto ukianza kupanda na maji kuingia kwenye majani ya mbuga, huacha vidimbwi na kwenda usiku kwenye maji mapya, kina cha goti au pungufu, wakataga kwenye majani. Jike mmoja mkubwa hubeba makumi ya maelfu ya mayai. Hawaogopi chochote usiku huo. Unaweza kuwaua kwa panga, kwa mkuki, kwa rungu, na watu wanafanya hivyo, wanajaza magunia, na matumbo yote yamejaa mayai. Nimewahi kuona soko la Mpanda limejaa samaki wa namna hiyo mwezi wa Desemba, rahisi mno, na wanunuzi wamefurahi. Agosti inayofuata vidimbwi vilevile vinakuwa havina kitu, na watu wanasema mto umelogwa.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba huko Minnesota sehemu kubwa ya maji hufungwa kwa uvuvi wa walleye tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Mei, samaki watage kwa amani, na kwamba ile siku ya kufunguliwa ni kama sikukuu, familia nzima hutoka. Umeisifu sana desturi hiyo, na mimi naisifu. Basi iheshimu na kwenu. Wakati wa kutaga huku ni huo unaotaka kuja na fimbo. Hata kama hakuna mtu atakayekuzuia, hata kama rafiki yako amesafiri mbali na anatamani picha, usitupe ndoano kwenye mbuga iliyofurika.

Rafiki yangu wa Katumba haendi mtoni tangu mvua ya kwanza mpaka maji yarudi. Miezi hiyo analima mpunga na kutengeneza ndoano zake. Nilimwuliza kama hasikii tamaa akiona jirani anarudi na gunia. Alisema anasikia, tena sana.

Kwa hiyo mkija Desemba, njooni kutusalimu. Mama yako atafurahi, mtakula maembe, nitawapeleka Hifadhi ya Katavi muone viboko na mamba mkiwa ndani ya gari. Lakini kama ni kuvua, panga likizo ya Julai au Agosti, vyuo vyenu vikiwa vimefungwa. Asubuhi huwa na baridi nzuri, njia ni kavu, maji yameshuka kiasi cha kusomeka, na mbu ni wachache. Kutoka Dar es Salaam mnaweza kupanda treni ya reli ya kati hadi Tabora, kisha ile ya Mpanda kupitia Kaliua, ambayo huvuka mto Ugalla wenyewe. Au basi, maana barabara ya Tabora hadi hapa sasa ni ya lami. Mimi ningewashauri treni, mshuke mmeshauona mto.

Njooni na waya mwembamba wa kutosha na ndoano imara, na tochi za kuvaa kichwani. Fimbo zenu leteni, tena ndefu. Nguo ziwe za kaki au rangi ya udongo, za mikono mirefu. Msivae bluu wala nyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta ndorobo, na ndorobo wa huku wanaweza kuleta malale. Viatu vya kufunika kifundo. Dawa za malaria mzianze kabla ya safari, kama daktari wenu atakavyosema. Rafiki yako hasa, ambaye mwili wake haujawahi kuonja ugonjwa huo. Mwambie pia mapema habari ya zamu, kwamba nusu ya muda hatavua, atakaa nyuma akitazama maji kwa ajili ya mwingine. Akiona hilo ni kupoteza siku, basi abaki na mama yako Mpanda, nasi tutamletea samaki.

Leseni yako ni rahisi, ya mgeni ina utaratibu wake. Nitumie jina la rafiki yako kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe mtakazopata likizo, barua ifike kabla ya mwezi wa Mei, niende ofisi ya uvuvi ya halmashauri na nimwambie Baba Mkubwa wa Katumba asipange safari nyingine.

Ni mimi mjomba wako